Mwezi wa hapa, mwezi wa Saudia au mwezi wa kalenda? Tulinganishe mapema kabla magrupu hayajawaka

Mwaka mmoja nilitoka Tanga asubuhi nimefunga. Daku nimekula kwa mama pale Ngamiani, wali wa jana na maharage, siku 29 zimeshapita na nia yangu safi kabisa ya kukamilisha thelathini, nikapanda basi la Mombasa. Kuvuka tu Horohoro, upande wa Lunga Lunga, naona watoto wamevaa nguo mpya na miwani ya plastiki, mmoja kashika puto. Nikajiambia labda kuna harusi. Kufika kwa dada yangu (kaolewa huko) ananifungulia mlango harufu ya pilau inanipiga usoni, "Idd mubarak mdogo wangu, nawa mikono." Shemeji naye akaongezea, tena kwa upole wake, kwamba kufunga siku ya Idd ni haramu. Nikampigia mama. Mama akasema wewe mwanangu usinitie aibu, huku mwezi haujaonekana, na ukila leo hiyo siku utailipa.

Basi nimekaa kwenye kochi, sahani mbele yangu, haramu upande huu na deni upande ule. Nilichofanya ntasema mwisho.

Toka siku hiyo hii ishu ya mwezi nimeifuatilia sana, manake niligundua watu tunadhani ni ugomvi wa masheikh wabishi kumbe ni ugomvi mkubwa zaidi ya huo: mtu unajuaje kwamba kitu ni kweli? Kwa jicho lako, kwa kauli ya mtu unayemuamini, au kwa hesabu? Na dini yako inakutaka utumie ipi? Maswali ambayo watu wa falsafa wanayaandikia vitabu vinene, sisi yanatugongea mlango kila mwaka mara tatu: kuingia Ramadhani, kutoka, na Mfunguo tatu, ule mwezi wa Hija. Ndo maana nimeona nizilinganishe hizi njia tatu, mtu achague akijua anachagua nini, sio kwa sababu msikiti wa jirani yake umefanya hivyo.

Kwanza tunagombania nini hasa

Mwezi wa angani ukikutana na jua mpaka ukutane nalo tena ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Kwa hiyo mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, hakuna 28 hakuna 31. Ugomvi wote uko kwenye ile jioni ya tarehe 29. Na hadithi ya Mtume (SAW) tunayoitegemea sote ni moja: fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona, ukifunikwa na mawingu basi kamilisheni thelathini.

Sasa ndani ya sentensi hiyo kuna maswali matatu na watu wanayachanganya kama urojo. Swali la kwanza, je mwezi UPO juu ya upeo jua likizama? Hilo ni la falaki, yaani elimu ya anga. La pili, je UMEONEKANA? Hilo ni la ushahidi, nani kaona, wapi, macho yake yakoje. La tatu, je MIMI nifanye nini? Hilo ni la fiqhi, yaani sheria za dini. Ukiona watu wawili wanabishana mpaka wanatoka kwenye grupu, mara nyingi mmoja anajibu swali la kwanza na mwenzie anajibu la tatu, kila mmoja ana haki na hawasikilizani.

Mwezi wa hapa hapa

Hii ndo njia waliyokulia wazee wetu wengi wa pwani, manake sisi huku ni Mashafii, watu wa madhehebu ya Imam Shafii, na kwa Shafii kila mji una mahali pake pa kuandamia mwezi, kinachoitwa matlai, ukionekana mbali sana haukulazimu. Dalili yao kubwa ni kisa cha Kurayb kilichopo kwenye kitabu cha hadithi cha Imam Muslim. Kurayb alitumwa Sham (Syria ya leo) kwa Muawiya aliyekuwa mtawala, huko wakauona mwezi wa Ramadhani usiku wa kuamkia Ijumaa. Mwisho wa mwezi akarudi Madina, sahaba Ibn Abbas akamuuliza mliuona lini, akamwambia. Ibn Abbas akasema sisi tuliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, tutaendelea mpaka tutimize thelathini au tuuone. Kurayb akashangaa, hautoshi kuona kwa Muawiya? Akajibiwa hapana, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume.

Nguvu ya njia hii kwangu ni moja: shahidi unaweza kumhoji. Mjomba wangu, Allah amrehemu, alikuwa anatupandisha watoto juu ya ghorofa ya jirani kila tarehe 29. Tanga na Mombasa bahari iko mashariki, kwa hiyo ufukweni unatakiwa uipe bahari mgongo ndo utafute mwezi, na mbele yako kuna minazi, minara ya simu na moshi wa jikoni za watu (wenzetu wa Unguja pale Forodhani wana raha zao, jua linazama baharini mbele ya macho). Mjomba alikuwa anaweka alama, jua limezama kulia kwa mnazi fulani, afu anatuambia subirini, msitumbue macho sehemu moja, pitisheni kama mnafagia. Dakika kumi, ishirini, shingo zinauma. Mmoja akipiga kelele "ule paleee!" mjomba hakurupuki. Anatuita mmoja mmoja pembeni, anatunong'oneza, pembe zake zimeelekea wapi? Uko kulia au kushoto kwa lile jua lilipozama? Umekaa juu kiasi gani, vidole vingapi?

Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga hulala kama ngalawa, tumbo chini pembe juu. Mwaka huo mimi niliapa nimeuona na nikasema pembe zimeangalia chini. Mjomba akacheka akasema mwanangu umeona ndege inaenda Nairobi.

Hebu angalia alichokuwa anafanya yule mzee ambaye darasa la saba hakumaliza. Imani yake imemwambia toka nje uangalie. Akili yake imemwambia usimuamini kila anayesema kaona. Wala hakuona kwamba vitu hivyo viwili vinapingana, vyote viko kwenye kazi moja ya jioni moja.

Na hili si jipya. Kwenye vitabu vya zamani kuna kisa maarufu cha Anas bin Malik, sahaba, kesha kuwa mzee wa karibu miaka mia, watu wametoka kutafuta mwezi akasema nauona ule. Wenzie hawaoni kitu. Iyas bin Muawiya, kadhi aliyesifika kwa akili, akamtazama akaona unywele mweupe wa nyusi umepinda mbele ya jicho la mzee. Akaufuta taratibu, akasema haya Abu Hamza tuonyeshe tena. Akasema siuoni. Hakuna aliyemwita sahaba muongo. Walifuta unywele tu.

Udhaifu wa mwezi wa hapa sasa. Kwanza mawingu. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ikiangukia masika ya Aprili na Mei pwani yote inakuwa na shuka la kijivu, wiki nzima huoni hata nyota, unabaki kusubiri simu kutoka bara. Pili, na hili ndo linaniuma, "hapa" ni wapi? Kigoma ni hapa kwa mtu wa Tanga lakini Mombasa sio hapa? Tukifuata tangazo la nchi, basi matlai yetu imechorwa na Waingereza na Wajerumani kwenye makubaliano yao ya 1886, mstari kutoka mdomo wa mto Umba kwenda Ziwa Jipe na kuendelea. Mwezi haujui Horohoro jamani. Wanaotetea wanasema hukmu ya kiongozi inaondoa mzozo, na ni kweli kwa ajili ya utulivu inafaa, ila tuseme wazi kwamba hapo tumehama kwenye swali la mwezi tumeingia kwenye swali la utawala.

Mwezi wa popote, yaani kiukweli Saudia

Kwenye karatasi hoja hii ina nguvu kuliko watu wa kwetu wanavyoikubali. Wanavyuoni wengi wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wanasema ukionekana sehemu moja umeonekana kwa wote, hadithi inasema "fungeni" kwa umma mzima sio kwa mtaa. Afu zamani habari zilikuwa zinafika kwa ngamia, leo zinafika kabla hujameza tende.

Na kuna kitu cha jiografia ambacho kilinishtua nilipofungua ramani. Makka iko karibu nyuzi 39.8 mashariki. Mombasa 39.7. Dar na Unguja 39 na kitu. Yaani tuko mstari mmoja na Kaaba, saa zetu ni zile zile, wao wako juu sisi chini basi. Kwa hiyo yule anayesema "wao ni mbali, wanatangulia" hajaangalia ramani. Tofauti ipo, manake kusini na kaskazini mwezi unasimama tofauti juu ya upeo, lakini sio kama tofauti yetu na Indonesia.

Na Arafa, ile siku ya tisa ya Mfunguo tatu mahujaji wanasimama na sisi tusiokwenda tunafunga. Hapa watu wa kimataifa, yaani hawa wa mwezi wa popote, wamenibana vizuri. Mahujaji wanasimama siku moja, mahali pamoja, kwenye tivii tunawaona, wewe kesho yake unafunga Arafa ya nani? Watu wa hapa wanajibu kwamba saumu ile ni ya tarehe tisa ya kwenu, na wazee wetu kabla ya telegramu walikuwa hawajui Makka wamesimama lini, wakafunga na wakaswali na hakuna aliyewaambia wamekosea. Majibu yote mawili nayaona yana uzito, na nikiri kwamba kwa Arafa mimi moyo wangu unaelekea Makka ingawa kwa Ramadhani hauelekei, na kaka yangu ananicheka kwa hilo kila mwaka.

Shida yangu na njia hii ni ya ushahidi. Huwezi kumuuliza shahidi pembe zimeelekea wapi. Unapokea tangazo. Na mara nyingine tangazo linagongana na kitu ambacho dunia nzima imekiona mchana.

Ntatoa mifano miwili, tarehe zipo. Kupatwa kwa jua ndo ule wakati mwezi unapita mbele ya jua, yaani ndo sekunde zile mwezi wa zamani unakufa na mpya unaanza, hakuna ushahidi wa wazi kuliko huo. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilikuwa pete kwetu Tanzania, watu wakasafiri mpaka Rujewa kule Mbarali kuangalia, na ilitokea saa ile ile waliyosema wataalam. Ilikuwa kama saa sita mchana. Jioni yake Makka mwezi ulikuwa na umri wa saa sita na nusu hivi, Saudia wakasema haujaonekana, sawa kabisa, Mfunguo tatu ukaanza tarehe 3. Sasa nenda 29 Machi 2025. Jua limepatwa tena, safari hii lilionekana Ulaya na kaskazini magharibi ya Afrika, mwezi umekutana na jua kama saa nane mchana kwa saa zetu. Jua linazama Makka mwezi haujatimiza hata saa tano. Ikatangazwa umeonekana, Idd tarehe 30. Oman, majirani zao kabisa na ndugu zetu wa damu wengi wako huko, wakasema hapana, wakasali tarehe 31.

Fanya hesabu mwenyewe, haihitaji darubini. Mwezi unajitenga na jua kwa kama nusu nyuzi kila saa. Saa tano ni nyuzi mbili au tatu. Wataalam toka miaka ya 1930 na Mfaransa Danjon wanajua kwamba chini ya nyuzi 7 hivi ule uzi wa mwanga unakatika, hakuna cha kuona. Rekodi ya jicho tupu inayokubalika ni mwezi wa saa 15 na nusu, na huyo aliyeuona ni mzoefu kupindukia, hewa safi, anajua pa kuangalia. Saa tano?

Simtuhumu mtu uongo. Nasema unywele wa nyusi. Jicho linalotaka sana kuona huwa linaona.

Mwezi wa kalenda

Hawa wanasema tumeshaujua mwezi utakutana na jua lini kwa miaka mia mbele, kwa sekunde, sasa tunapanda ghorofani kufanya nini? Mbona swala tunafuata ratiba iliyobandikwa ukutani, hakuna anayepima kivuli cha fimbo kabla ya adhuhuri? Na hii hoja ukiisikia mara ya kwanza inakuacha kimya.

Waliochukua njia hii sio watu wa pembeni. Uturuki kwa muda mrefu wanaenda na hisabu. Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilitangaza 2006, la Ulaya la fatwa mwaka uliofuata. Huko Misri Ahmad Shakir, mtu wa hadithi haswa, aliandika 1939 kwamba Mtume aliposema "sisi ni umma usioandika wala kuhesabu" alitaja sababu, na sababu ikiondoka hukmu inahama. Na tusiende mbali, majirani zetu Mabohora, wale Mashia wenye asili ya India, wa Mombasa, Unguja, Dar, wana kalenda yao ya hesabu toka enzi za Mafatimi waliotawala Misri, mwezi wa thelathini mwezi wa ishirini na tisa kwa zamu, Ramadhani yao ni 30 miaka yote. Wao wanajua Idd ya miaka kumi ijayo ni lini, sisi tunajua saa tatu usiku wakati fundi cherehani keshafunga.

Raha yake unaijua kama una ndugu Ulaya au Marekani. Binamu yangu yuko huko anafanya kazi kwa zamu, likizo anaomba wiki tatu kabla, hawezi kumwambia bosi "labda Jumapili, labda Jumatatu, tunasubiri mtu aone". Kwake kalenda sio uvivu wa dini, ndo kitu kinachomfanya aweze kusali Idd na wanawe.

Jibu la watu wa macho kwa ile hoja ya ratiba ya swala lipo, na ni la zamani. Al-Qarafi, Mmaliki wa Misri aliyefariki 1285, anasema kwenye swala Allah ameweka wakati wenyewe kuwa sababu, jua likipinduka imewajibika, ukijua kwa njia yoyote umejua. Kwenye saumu sababu iliyotajwa ni kuona, sio kuwepo. Kwa hiyo mtu wa kalenda anakujibu kwa usahihi kabisa swali ambalo hukuulizwa.

Na kuna jambo wapenzi wa hisabu huwa hawalisemi kwa sauti. Hesabu inakupa mwezi uko nyuzi ngapi. HAIKUPI jibu la nyuzi ngapi zinatosha kuanza mwezi. Hilo watu wanakaa mezani wanakubaliana! Wa Ulaya, na mkutano wa Istanbul wa 2016, wanataka mwezi uwe umejitenga na jua nyuzi 8 na uwe nyuzi 5 juu ya upeo, popote duniani. Malaysia, Indonesia, Brunei na Singapore wanatumia nyuzi 3 juu na 6.4 za kujitenga. Kalenda ya Ummul Qura ya Saudia yenyewe, ile ya ofisini, inatosheka mwezi ukutane na jua kabla ya magharibi na uzame baada ya jua pale Makka, hata kama ni dakika mbili. Hesabu zote sahihi, kalenda tatu tofauti. Kwa hiyo anayedhani akishika sayansi atakuwa ametoka kwenye ubishi wa binadamu, pole yake. Wakristo waliipita njia hii mapema, toka Nikea 325 Pasaka inaenda kwa hesabu ya mwezi, na bado 2024 Wakatoliki walikuwa na Pasaka 31 Machi wakati Waorthodoksi, hata wa Kenya na Uganda, walikuwa nayo 5 Mei.

Wazee wa elimu walishayapitia

Kuna watu wanasema kuleta falaki kwenye mwezi ni kuwaiga Wazungu. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, huyo huyo aliyeandika kuwapinga wanafalsafa, mwanzoni kabisa mwa kitabu chake hicho alisema hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi hazina ubishi, na anayedhani ni wajibu wa dini kuzipinga anaidhuru dini, kwa sababu mtu anayezijua akiambiwa hii ni kinyume na dini hatazitilia shaka hesabu, ataitilia shaka dini. Miaka mia tisa iliyopita! Mi nikisoma hapo namuona kijana wa chuo mwaka wa pili, ana programu ya anga kwenye simu, kaona jua limepatwa mchana, jioni anaambiwa mwezi umeonekana na akiuliza anaambiwa ana wasiwasi wa shetani.

Aliyempinga Ghazali vikali, Ibn Rushd wa Kurtuba, naye kadhi, walitofautiana karibu kila kitu lakini msingi wake ni kwamba haki haipingani na haki, inaafikiana nayo na kuishuhudia. Ukiona zimegongana rudia kusoma, moja umeielewa vibaya.

Lakini mtu ninayemuona ameleta hili mpaka chini kwenye ghorofa ya mjomba ni Taqiyuddin al-Subki, kadhi wa Kishafii wa Damascus, kafariki 1355. Yeye hakusema tuanze mwezi kwa hisabu tu. Alisema hisabu ya uhakika ikionyesha haiwezekani kuonekana, basi shahidi akija akasema nimeuona hakubaliwi, manake ushahidi ni dhana na hisabu ni yakini, na dhana haiwezi kuipiku yakini. Na sharti la kwanza la ushahidi wowote ni kwamba unachoshuhudia kiwezekane.

Yaani hisabu ifunge mlango, isiufungue. Jicho ndo lifungue.

Haya, uchague nini

Mimi nimechagua hiyo ya Subki: macho ya hapa, na "hapa" nalichukua pana, Afrika Mashariki yote, jirani akiona Lamu au Pemba au Kampala kwangu umeonekana, na hisabu ya kukataa lisilowezekana. Gharama yake nazijua. Masika nitakamilisha thelathini wakati wengine wanakula, na fundi cherehani ataninunia.

Kama uko Ulaya au Marekani na msikiti wako unaenda na kalenda, nenda nao, kule kugawanyika mna watu mia mbili tu ni hasara kubwa kuliko nyuzi mbili za mwezi. Kama nyumba nzima mnafuata kimataifa na wewe unashika bendera peke yako jikoni, fikiria vizuri, kuna mtu atakupikia futari peke yako huyo ni mama yako au mkeo. Kama unafuata kimataifa kwa dalili sina neno na wewe, ila basi ufuate dunia kweli. Siku Nigeria wakiona na Saudia wasione usiniambie tusubiri Saudia, hapo utakuwa hufuati mwezi unafuata serikali, kitu kile kile unachotusema sisi.

Mtu mmoja tu sina cha kumshauri, yule anayeanza na watu wa hapa kwa sababu wamechelewa kuanza afu anamaliza na Saudia kwa sababu wamewahi kumaliza. Nilikuwa naye chuoni. Alifunga 28 akasema dini nyepesi.

Afu ile picha ya mwezi inayozunguka wasapu kila mwaka, mwekundu, mnene, juu ya mnara, jamani huo ni mwezi wa siku tatu au nne. Angalia pembe kabla hujaforwadi.

Sasa turudi kwenye kochi. Shemeji aliona nateseka akampigia mwalimu wake wa madrasa, mzee wa Old Town, akaweka spika. Mzee akauliza swali moja tu, kijana umefunga ngapi? Nikasema 29. Akasema Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, ameliandika hilo zaidi ya miaka mia saba iliyopita, ameweka na mfano wa mtu kaamka mjini kwao ni Idd, jahazi likamfikisha mji wa mbali akakuta watu wamefunga, anajizuia nao mpaka magharibi. Wako ni kinyume chake, umetoka kwenye saumu umeikuta Idd, kula na wenyeji wako, zingekuwa 28 ungelipa moja. Nikamuuliza lakini mwalimu, Tanga kutoka Mombasa ni mji wa mbali? Akanyamaza kidogo, nasikia tasbihi inagonga meza. "Hilo," akasema, "ndilo wanalogombania. Wewe pilau linapoa."

Nikala. Nikampigia mama kumweleza, nikamtajia na Nawawi. Mama kimya, afu akasema haya, sawa, Nawawi siwezi kubishana naye. Ila sisi Idd yetu kesho, mbuzi tumeshamnunua, na huku kwetu wewe umeshakula Idd yako.